Mgeni wa Rafu ya Pili

Saa moja na robo asubuhi, kila siku ya shule, mtunza stoo ya kemikali alifungua kufuli mbili, akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa koti jeupe lenye tundu la asidi kwenye mfuko wa kushoto, na kuanza kuhesabu chupa. Alihesabu kwa macho, mikono ikiwa mgongoni, akipita mbele ya kila rafu kwa mwendo wa mama anayehakikisha kwamba kila mtoto yuko kitandani kwake. Shule nzima ya wasichana ilimwita Mama Stoo, wakiwemo waliomzidi umri.

Stoo za shule nyingine hupanga kemikali kwa alfabeti. Yeye alilikataa jambo hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Alisema kupanga kwa alfabeti ni sawa na kwenda msibani ukawakuta wafiwa wameketishwa kwa herufi za majina yao, mjane kule, watoto huku, na katikati yao muuza mkaa. Yeye alipanga kwa familia, kama lilivyopanga jedwali la elementi lililobandikwa ukutani: safu moja, familia moja, rafu moja.

Rafu ya kwanza walikaa litiamu, sodiamu na potasiamu, metali laini zinazokatika kwa kisu cha mezani, zilizozamishwa kwenye mafuta kwa sababu hazipatani na maji. Kila mmoja wao ana elektroni moja ya nje na hana raha mpaka amempa mtu. Ukimtia litiamu majini hunung'unika, sodiamu hukimbia huku na huku, potasiamu huwaka moto wa zambarau. Katika ukoo ule hasira huzidi kadiri unavyoshuka. Rafu ya pili ilikuwa ya magnesiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu, watu wa elektroni mbili, watulivu zaidi, wajenzi. Chaki ya ubaoni, chokaa ya ukutani, ganda la yai na mfupa wa binadamu vyote vimepita mikononi mwa kalsiamu. Mbali kidogo, kwenye kivuli, walikaa klorini, bromini na iodini, waliopungukiwa elektroni moja moja na wasioficha uchu wao, kila mmoja wa rangi nzito kuliko aliyemtangulia.

Rafu ya mwisho haikuwa na chupa hata moja, ila ilikuwa na lebo na ilifutwa vumbi kila Ijumaa. Hiyo ilikuwa ya gesi bwete, heliamu na wenzake, wasiotaka kutoa wala kupokea. Mwalimu wa Kemia, kijana aliyeajiriwa mwaka huo, aliwahi kuuliza kama rafu tupu isingefaa kuwekea vitabu. Mama Stoo akamwambia haikuwa tupu. Arigoni yumo kwenye hewa ya chumba, karibu sehemu moja katika mia, na pale ndipo alipotengewa. Kwamba hamsumbui mtu si sababu ya kumnyang'anya kiti.

Chupa zilikuwa na tabia ya kutembeleana, na jambo hilo lilikuwa na daftari lake lenye safu tatu: aliyetoka, aliyemtembelea, aliporudi. Safari nyingi zilikuwa za ndani ya rafu moja. Majira ya baridi potasiamu alikutwa amejisogeza ubavuni mwa sodiamu. Safari za mbali zilikuwa chache na hazikuzidi siku moja. Chupa ya maji ya klorini ilikuwa na mazoea ya kwenda kwa sodiamu, na kwa kuwa wawili hao wakikutana ndipo chumvi ya mezani inapopatikana, hakuna aliyeona ajabu. Mama Stoo alimrudisha kila mmoja kwao, akatia saini, akaenda kupanga vifaa vya somo la kwanza.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula alipokuta chupa ya nitrati ya risasi kwenye rafu ya pili. Risasi ni ile metali nzito ya kijivu inayowekwa ndani ya betri za magari. Kwao ni kwenye rafu ya kaboni, chini kabisa, baada ya silikoni na bati. Asubuhi ile alikuwa amekaa baina ya kalsiamu na strontiamu, lebo ikitazama mbele, kama mtu aliyezaliwa pale.

Mama Stoo aliandika, akamrudisha. Jumatano alikuwa pale tena. Alhamisi vilevile. Ijumaa alimfungia kwenye kabati la chuma pamoja na ndugu zake na kutia kufuli ya tatu. Jumatatu kufuli ilikuwa imefungwa kama alivyoiacha, na risasi alikuwa rafu ya pili. Ndani ya kabati, bati na kaboni walikuwa wameshasogea kuziba nafasi yake, bila kinyongo, kama jamaa waliozoea kutelekezwa.

Alimwuliza Mwalimu wa Kemia, ambaye alikuna kidevu kisha akachora ubaoni. Risasi, alieleza, ana elektroni nne za nje kama familia yake yote. Ila akitoka kwenda kwa watu hutoa mbili tu, na mbili nyingine huzibana nyumbani. Sasa mtu mwenye elektroni mbili mkononi anafanana na nani?

"Kalsiamu," alisema Mama Stoo.

"Ndiyo. Mwili wenyewe hauwezi kuwatofautisha. Ukiona mbili unafungua mlango. Unampeleka moja kwa moja kwenye mifupa, unamwonyesha chumba."

"Na akishaingia?"

Mwalimu alifuta ubao polepole. Alisema akishaingia hukaa miaka mingi, na kwamba watoto humpokea kuliko watu wazima, kwa sababu mifupa yao bado inajengwa na milango iko wazi.

Mama Stoo alimshukuru, akarudi stoo. Alimtazama risasi kwa muda. Kisha akaenda kumtafuta binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na minne na wenzake walimwita Unyoya, kwa jinsi alivyokuwa akiruka kamba bila kusikika anapotua. Alikuwa pia mtu wa hesabu. Muuza duka wa mtaani kwao aliacha kutumia kikokotoo kila Unyoya alipokuwa dukani, akamtupia tu tarakimu naye akamrudishia jibu. Lakini tangu mwaka jana alikuwa ameongezeka uzito. Hakunenepa. Sketi ilimkaa vilevile, mikono ilikuwa ile ile myembamba, ila mizani ya Nesi wa shule, iliyosoma kilo arobaini na moja mwanzoni mwa mwaka uliopita, sasa ilisoma sitini na tatu. Kitanda chake nyumbani kilikuwa kimeota bonde katikati. Kwenye kamba alitua kwa kishindo kilichotikisa vikombe vya ofisi ya walimu, na baada ya muda akaacha kuruka.

Hakuwa peke yake. Wasichana wote mia nne kumi na wanane walikuwa hivyo, kila mmoja kwa kiasi chake. Viti vilikatika. Mwalimu wa michezo alishusha wavu wa mpira wa wavu mara moja, akaushusha mara ya pili, na mara ya tatu akauacha usawa wa kiuno, akaandika kwenye ripoti kwamba mchezo ulikuwa ukiendelea vizuri. Darasa la ghorofani, lenye sakafu ya mbao, lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba penseli ikianguka popote iliviringika mpaka kwenye dawati la kiranja.

Jioni hiyo, Unyoya akiwa mezani na daftari lake, mama yake alimwuliza saba mara nane, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi ilipo. Msichana aliweka kalamu chini. Alitazama ukuta. Maji yakachemka jikoni, mama akaenda kuyaepua, akarudi, akakaa.

"Ninaijua, mama," Unyoya alisema hatimaye. "Iko chini sana tu."

Mama Stoo alisema haidhuru. Alilala akiwa ameshaamua.

Kesho yake alianza kutafuta mlango ambao risasi alipitia. Maji hayakuwa, kwa sababu walimu waliyanywa na hawakuzidi uzito, isipokuwa karani wa ofisi, ambaye sababu zake zilijulikana na zilikuwa kwenye droo yake, zimefungwa kwa karatasi ya biskuti. Rangi za ukutani hazikuwa, wala wino. Kilichobaki ni chakula cha mchana, ambacho kila msichana alilazimika kula shuleni. Chakula cha nyumbani kilipigwa marufuku zamani, ili asiyenacho asiaibike mbele ya aliyenacho. Walimu walikula kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Mpishi Mkuu, mwanamume mrefu mwenye aproni iliyomfika magotini tu, alimkaribisha jikoni na kumwonyesha sufuria zake sita. Zilikuwa pana kiasi cha kumtosha mtu mzima kuoga. Zilitolewa kama zawadi mwaka uliopita na Mwenyekiti wa bodi ya shule, na zilimiminwa na shemeji yake, mwenye karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu. Kila moja ilikuwa na kibati chenye jina la Mwenyekiti na tarehe ya kukabidhiwa.

"Hizi si sufuria, dada, hizi ni mali," alisema Mpishi. "Za zamani ulikuwa unazipindua kwa mkono mmoja. Hizi, ukitaka kuipindua moja, unaita mpaka wajukuu waje kukusaidia."

Mama Stoo aliuliza zimetengenezwa kwa nini hasa. Mpishi alijibu bila kuficha, kwa kuwa hapakuwa na la kuficha: injini za zamani, fremu za madirisha, redieta, betri za magari, chochote kilichoyeyuka. Akakwaruza chini ya sufuria kwa mwiko wa chuma na kuuinua. Ulikuwa umeacha mstari wa kijivu uliong'aa. Alisema mstari huo huchora vizuri hata kwenye karatasi, na kwamba orodha yake ya viungo alikuwa akiiandika nao.

Mama Stoo aliomba sufuria moja kwa saa mbili. Alichemshia ndani yake maji na siki, akayapunguza mpaka yakabaki kikombe, akayachuja, akayapeleka stoo. Kipimo cha risasi ni rahisi na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anakijua. Unadondosha iodidi ya potasiamu. Kama risasi hayumo, maji hubaki kama yalivyo. Kama yumo, iodini humkamata pale pale na kumtoa hadharani akiwa na vazi la manjano.

Alidondosha tone moja. Manjano ilishuka ndani ya neli ya majaribio, nzuri mno, kama kiini cha yai, na kutulia chini.

Alikwenda na neli hiyo ofisini kwa Mkuu wa Shule, mwanamke mwenye miwani mbili, moja usoni, moja kichwani. Mkuu aliishika neli kwenye mwanga wa dirisha, akasema ilikuwa miaka mingi tangu aione rangi ile, na kwamba enzi zake za usichana alipenda sana vipimo. Alimsikiliza Mama Stoo mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakubisha hata neno moja.

"Ninakuamini," alisema. "Tatizo si kukuamini. Sufuria za zamani tulishaziuza kwa uzito. Hizi zikitoka, kesho saa saba nitawapa nini watoto mia nne? Na Mwenyekiti nitamwambia nini, kwamba zawadi yake inakaa kwenye mifupa?"

Mama Stoo alisema amwambie hivyo hivyo.

Mkuu alitabasamu kwa uchovu, akaahidi kulifikisha jambo hilo kwenye kikao cha bodi, na alilifikisha. Wajumbe walipitisha neli mkono kwa mkono. Mwenyekiti aliitazama kuliko wote, akauliza kama ingeweza kuwekwa kwenye kabati la vikombe vya ushindi. Kikao kilidumu mchana mzima na kilifikia maazimio matatu. La kwanza, darasa la ghorofani liwekewe nguzo na mihimili ya zege, kwa kuwa usalama wa mtoto ni jambo lisilo na mzaha. La pili, kila dawati lipya litengenezwe kwa chuma. La tatu, kwa kuwa wakaguzi hawapendi chupa isiyokuwa mahali palipoandikwa, chupa ya nitrati ya risasi isajiliwe rasmi kwenye rafu ya pili.

Karani alileta lebo mpya ikiwa imeshachapwa. Mama Stoo aliibandika. Tangu siku hiyo risasi hakuandikwa tena kwenye daftari la wageni.

Mafundi wa zege walikuja wiki hiyo hiyo na kufanya kazi nzuri. Mama Stoo aliwasikia wakigonga, akawa anavisafisha vyombo vya kioo kwa brashi, na ndipo alipoyatazama mabika. Bika ni kopo la kioo kisichopasuka kwa moto, lenye mdomo wa kumiminia, na shule ilikuwa na makubwa kumi na moja. Kioo kinatokana na mchanga. Hakina la kumpa mtu isipokuwa ulichokitia mwenyewe.

Alimwendea Mwalimu wa Kemia na swali dogo: sheria inakataza chakula cha nyumbani, je, inakataza jaribio? Mwalimu alifikiri, akasema hapana, majaribio yanahimizwa. Basi wakaandika jaribio. Lengo: kuchunguza uivaji wa nafaka na kunde kwenye kioo. Vifaa: mabika kumi na moja, taa za spiriti kumi na moja. Mwalimu alitia saini. Kwa kuwa mlango wa maabara una tangazo linalokataza kula ndani, walaji wangekaa kwenye ngazi za nje.

Siku ya kwanza, kila bika likiwa limeiva, Mama Stoo aliita wasichana kumi na mmoja kwa kufuata rejista ya kidato cha kwanza. Siku ya pili aliita kumi na mmoja wengine. Nesi aliwapima na kukuta kwamba msichana aliyekula kwenye bika, siku hiyo uzito wake haukupanda. Habari hiyo ilikuwa njema. Mama Stoo alikaa na kalamu akapiga hesabu: wasichana mia nne kumi na wanane, kumi na mmoja kwa siku, zamu ingemrudia kila mmoja baada ya siku thelathini na nane za shule. Alikuwa ameomba mabika mengine mia na akajibiwa kwamba mabika hununuliwa kulingana na idadi ya majaribio, na jaribio lilikuwa moja.

Alilitazama jibu la hesabu yake. Kisha akachukua utepe mwembamba wa karatasi, akaandika jina la binti yake, akaubandika kwenye bika la kwanza.

Unyoya aliuona siku iliyofuata. Walikuwa kwenye ngazi, wasichana kumi wa zamu na yeye.

"Mama, niweke kwenye zamu kama wengine."

"Kula," alisema Mama Stoo.

"Watasema."

"Waache waseme. Mimi kuzaa nimezaa mara moja. Kula, mwanangu, kabla hakijapoa."

Unyoya alikula, akiwa amewapa wenzake mgongo. Hakuna aliyesema kitu. Baada ya wiki mbili kitanda chake kiliacha kulia usiku. Baada ya mwezi, akiwa anachambua maharage nyumbani, alisema hamsini na sita, bila kuulizwa, kisha akaendelea kuchambua. Mama yake alikwenda jikoni, akashika ukingo wa karo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kidogo.

Wa kwanza kuja stoo alikuwa Mpishi Mkuu. Alisimama mlangoni akiwa amevua aproni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alizungumza kwanza juu ya bei ya kuni, kisha juu ya mvua, kisha akasema kwamba mtoto wa dada yake yuko kidato cha kwanza, yatima, analelewa kwake, na kwamba yeye ndiye anayempakulia kila siku kwa mkono wake mwenyewe na mkono umeanza kuwa mzito. Mama Stoo aliandika utepe wa pili.

Kisha alikuja Mwalimu wa Kemia kwa ajili ya mdogo wake wa mwisho, akikumbusha kwa upole saini ni ya nani. Nesi alikuwa na mapacha. Karani alikuja na biskuti na jina la bintiye. Mlinzi wa geti hakuomba. Alisema tu kwamba miaka tisa amemfungulia Mama Stoo geti kila asubuhi na hajawahi kumwuliza kitambulisho. Mwalimu wa Hisabati alituma barua. Mkuu wa Shule alimwita ofisini, akavua miwani zote mbili, akataja mjukuu wake kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamwita mdogo wangu.

Kila mara Mama Stoo alitafuta neno la kukataa, na kila mara jicho lake lilikwenda lenyewe kwenye bika la kwanza. Aliandika utepe.

Mwenyekiti wa bodi alifika kwa gari, mwenyewe, siku ya mahafali. Alisifu nguzo za zege. Alisema amesikia mengi mazuri juu ya jaribio na kwamba bodi inaunga mkono sayansi kwa vitendo, na angependa binti yake ashiriki, pamoja na binti wa shemeji yake, yule mwenye karakana, kwa sababu wasichana hao wamekua kama watu wa tumbo moja na si vizuri kuwatenganisha. Yalikuwa yamebaki mabika mawili. Mama Stoo aliandika tepe mbili, na zamu ikawa imekwisha.

Jioni hiyo alibandika orodha mpya nje ya mlango. Hakuipanga kwa alfabeti.

Muhula ulikwenda vizuri. Wasichana mia nne na saba waliteremka kula saa saba kamili, polepole, wakishika ukuta, na wasichana kumi na mmoja walikaa kwenye ngazi za maabara, wepesi, upepo ukicheza na sketi zao.

Wiki moja kabla ya likizo mwanamke mmoja alibisha hodi stoo. Mama Stoo alimfahamu kwa sura. Alikuwa fundi viatu, mwenye meza yake nje ya ukuta wa shule, na siku hizo alikuwa hana nafasi ya kukohoa. Soli ya msichana wa shule ile, iliyokuwa ikidumu mwaka, sasa ilikwisha kwa mwezi mmoja, na wote walimletea yeye. Alikuwa amebeba kiatu kimoja cheusi kwenye mfuko wa karatasi. Alikiweka juu ya meza, upande wa soli juu. Soli ilikuwa imeliwa mpaka kwenye uzi.

"Hiki ni cha mwanangu," alisema. "Nimekitia soli mara nne tangu muhula uanze."

Mama Stoo alimpa pole.

Fundi viatu alisema hakuja kulalamika. Kazi ilikuwa nyingi, na kazi ni kazi. Ila mtu anayetengeneza viatu hana budi kujua kila kiatu ni cha nani, naye alikuwa amegundua jambo. Kulikuwa na wasichana ambao viatu vyao vilikuwa havirudi tena. Aliwahesabu wakipita getini, akiwatazama miguuni. Walikuwa kumi na mmoja, na walipokanyaga vumbi hawakuacha alama. Aliuliza huku na huku, akaelezwa habari ya mabika, na jana alikuja kuisoma orodha mlangoni. Hakuna aliyemwambia inapangwaje, ila aliisoma mara mbili akaelewa.

Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaiweka mikono yake yenye gundi juu ya magoti.

"Mimi hapa sina mtu, Mama Stoo. Baba yake alishafariki, na kwetu ni mbali. Sasa niambie tu wewe, nami nitafanya. Niwe ndugu wa nani?"

Mama Stoo alifungua mdomo. Nje, wasichana wa kidato cha pili walikuwa wakitoka darasani, na chupa zilitetemeka kidogo kwenye rafu zao, kama zilivyotetemeka kila kipindi kilipokwisha. Alisubiri zitulie. Alisema mabika yalikuwa kumi na moja tu.

Fundi viatu aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Alisema atasubiri. Akakichukua kiatu cha mwanawe, akatoa sindano na uzi mfukoni, akaanza kushona pale pale. Mama Stoo, ambaye alikuwa na vifaa vya kipindi cha saa tano vya kupanga, alimsogezea taa.